Barua ya wazi kwa wasimamizi wa Karura: tuzuieni, ila mjizuie kwanza

Kwa Mheshimiwa Waziri wa Mazingira, Mabadiliko ya Tabianchi na Misitu,
Kwa Mhifadhi Mkuu wa Misitu na bodi ya KFS, shirika la serikali la kusimamia misitu,
Na kwa viongozi wa chama cha jamii cha Friends of Karura,

Waheshimiwa,

Mimi ni mama wa miaka 52, mkazi wa Huruma, kile kijiji kilichobanwa kati ya kuta za mtaa wa kitajiri wa Runda na msitu wa Karura, hapa Nairobi. Barua za kuomba nimeandika nyingi maishani: kuomba maji, kuomba basari ya mtoto, kuomba taa za barabarani. Hii ya leo inaomba kitu ambacho mwananchi haombi kwa kawaida. Naomba nizuiwe. Naomba mniambie, mimi na wenzangu wote tunaoingia Karura kutembea, kwamba kijia hiki leo hakipitiki, kwamba upande ule umelazwa upumzike mwaka mzima, kwamba sherehe ya watu 500 haifanyiki chini ya miti hii hata kama wenye sherehe wana pesa mkononi.

Naomba pia kwamba kabla hamjanizuia mimi, mjizuie ninyi. Hilo la pili ndilo gumu, na nitalifikia.

Niwaambie kwanza natoka wapi. Miaka ya 1980 mama yangu aliingia Karura kutafuta kuni. Walikwenda wanawake sita au saba kwa pamoja, panga mkononi, kamba begani, na jioni walirudi wameinama, kamba ile sasa imekaza kwenye paji la uso, na mizigo migongoni ambayo mwanangu wa leo hawezi kuinyanyua kutoka chini. Hakuna aliyethubutu kwenda peke yake. Msitu ulikuwa wa serikali kwa jina, lakini ndani mlikuwa na wenyewe: wezi wa magari, wapika chang'aa kando ya mito, na watu ambao hukutaka kujua wanachimba nini usiku. Maiti zilitupwa humo. Mtoto akichelewa kurudi kutoka dukani, swali la kwanza la mama lilikuwa kama amepitia upande wa msitu. Nilikua nikiutazama ule ukuta wa miti kila asubuhi bila kujua kwamba ndani yake mna maporomoko ya maji. Siku niliyoyaona kwa mara ya kwanza, tayari nilikuwa mama wa watoto watatu.

Kisha ikaja habari ya viwanja. Mwishoni mwa miaka ya 1990 ilibainika kwamba vipande vya Karura, msitu uliotangazwa rasmi kuwa hifadhi mwaka 1932, vilikuwa vimegawiwa watu binafsi wajenge. Wangari Maathai na wenzake wa Green Belt Movement, shirika lake la kupanda miti, wakaingia na miche. Tarehe 8 Januari 1999 walivamiwa na kupigwa, yeye akapasuliwa kichwa, na alipofika kituo cha polisi akaitia sahihi taarifa yake kwa damu yake mwenyewe. Wanafunzi wa chuo kikuu wakaandamana. Agosti mwaka huohuo Rais Moi akapiga marufuku ugawaji wa ardhi ya umma, na mwaka 2004 Ripoti ya Ndung'u ikaeleza jinsi ardhi ya umma, misitu ikiwemo, ilivyokuwa ikigawiwa kama peremende.

Hadithi hiyo tunaisimulia kila mwaka, hasa Septemba inapofika na tunamkumbuka marehemu. Lakini tunaikatiza mapema. Marufuku ile iliwasimamisha wenye hati za viwanja, majambazi haikuwagusa. Kwa karibu miaka 10 baada ya hapo Karura ilikuwa msitu ulionusurika kwenye ramani tu. Hakuna aliyeuingia kwa hiari. Na msitu usioingiwa hauna shahidi: mti ukikatwa usiku, kesho yake ni kisiki tu, na kisiki hakina wa kumwambia.

Kilichouponya ni miguu. Sheria ya Misitu ya 2005 ilikuwa imefungua mlango wa jamii kusimamia misitu pamoja na KFS, na mwaka 2009 Friends of Karura wakaupitia. Uzio wa umeme ukazungushwa. Vijana wa Huruma wakaajiriwa kuwa askari wa msitu, na kati yao walikuwamo wanaoijua kila kona ya Karura kwa sababu ambazo hazikuandikwa kwenye barua ya maombi ya kazi. Lango likafunguliwa, ada ikawekwa, watu wakaanza kuja. Kwanza walikuja wachache, wakitembea haraka na kugeuka nyuma kila mara. Kisha wakimbiaji. Kisha familia na vikapu vya chakula. Kisha kila mtu. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone. Hapa mwenyeji alikuwa msitu, na alipona kweli.

Nayasema haya kwa urefu kwa sababu wapo watu, wengine ndani ya ofisi zenu, wanaosikia neno uhifadhi na mara moja wanafikiria kufuli. Mimi siamini kufuli. Kufuli tulikuwa nalo tangu 1932 na mnajua lililotokea. Msitu wa mjini usiokanyagwa na mwenye mji utakanyagwa na mwenye tingatinga. Kwa hiyo msinisikie kama mtu anayetaka watu watolewe. Jumapili nikiingia na kuwaona wazee wa Kihindi na fimbo zao, kwaya ya kanisa imevaa sare ikifanya mazoezi chini ya mkalitusi, wafanyakazi wa Umoja wa Mataifa kutoka Gigiri wakitoka jasho, na watoto wa Huruma wakigombea baiskeli moja ya kukodi, huwa najisemea kwamba mjini hapa sijui mahali pengine ambapo watu hawa wote wangepishana kwenye njia moja bila mmoja wao kuwa ameajiriwa na mwingine.

Lakini wahenga haohao waliongeza: mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe. Siku yetu ya tatu ilishafika, na jembe hatujapewa.

Twendeni tukakitazame kijia. Si lazima kiwe kile cha kwenda kwenye maporomoko, ingawa hicho ndicho kilicho wazi zaidi. Chukueni kijia chochote kinachopendwa, mwezi wa Machi kabla ya mvua. Upana wake ni hatua mbili. Mvua za masika zinaanza, dimbwi linatokea katikati. Mtu wa kwanza anazunguka upande wa kulia ili asichafue viatu. Nyasi alizozikanyaga zinakuwa tope. Wa pili anazunguka mbali zaidi. Wa hamsini anapita katikati ya vichaka. Juni ikifika, kijia kile kina hatua sita, katikati mna mtaro, na kandokando mizizi imechomoza kama mishipa ya mkono wa mzee. Udongo ule ulioshindiliwa na viatu ni mgumu kama sakafu. Maji hayazami tena, yanateremka. Yanateremka na udongo mwekundu hadi kwenye mito yetu midogo, Karura, Ruaka na Gitathuru, kutoka huko hadi Mto Nairobi, hadi Athi, na mwisho Sabaki. Mwenye ndugu Malindi amuulize bahari huwa na rangi gani msimu wa mvua. Sisemi kwamba uchafu wote ule unatokana na raba zangu. Nasema raba zangu zimo.

Na zimo kweli. Kuna njia ya mkato ambayo mimi na rafiki zangu wa Jumamosi tuliianzisha wenyewe, miaka kadhaa iliyopita, kuepuka mzunguko mrefu kabla ya kufika mtoni. Tulikuwa wanne. Tuliona ni jambo dogo. Leo njia ile inapitwa na watu nisiowajua, wengine na baiskeli, na mtu akiniuliza nani aliichora naangalia pembeni. Pale ilipopita palikuwa na miche ya muhugu inayofika gotini.

Labda si wote mnaoujua muhugu kwa karibu, ijapokuwa huenda mna kinyago chake mezani. Ni mti mgumu, mzito, wenye harufu nzuri, na wachongaji wameupenda hadi wakaumaliza sehemu nyingi. Hukua polepole kupita subira ya mwanadamu. Una miti dume na miti jike, kwa hiyo mti mmoja peke yake hauzai kitu, na hata ile inayozaa, sehemu kubwa ya mbegu zake haioti. Mche wa muhugu uliofika gotini ni bahati iliyopita kwenye matundu mengi ya sindano. Sisi wanne tuliupita na viatu kwa sababu tulitaka kuokoa dakika tano za matembezi ambayo tuliyaendea kwa hiari yetu. Nikilifikiria hilo nacheka, si kwa furaha.

Wanyama nao wana upande wao. Mbega walikuwa wametoweka Karura, wakarudishwa muongo uliopita, wakaletwa kutoka sehemu ambazo misitu yao ilikuwa imekatwa wakabaki wakihangaika mashambani mwa watu. Leo ukikaa kimya asubuhi unawasikia wakikoroma juu, kisha unaona ile mikia myeupe ikining'inia kama taulo zilizoanikwa. Mbega hula majani, hana haja na mkate wako. Kima ndiye amejifunza mkate. Amejifunza kwa sababu tumemfundisha, na sasa anampora mtoto ndizi mkononi halafu sisi wenyewe tunalalamika kwamba kima wamekuwa wahuni. Pongo na paa wadogo hawalalamiki. Wanahama tu kutoka pale penye kelele. Na mbwa! Kila mwenye mbwa anaamini sheria ya kamba iliandikwa kwa ajili ya mbwa wa jirani, maana wake ni mpole. Paa anayekimbizwa hajui habari za upole.

Basi ombi langu la kwanza ni la mkulima. Huku upande wa Kiambu kila mtu anajua maana ya kulaza shamba. Lazeni msitu kwa zamu. Karura ina zaidi ya hekta 1,000, na watu wengi hata hivyo hutembea kwenye vijia vilevile karibu na malango. Chagueni sehemu, ifungeni kabisa mwaka mzima au miwili, si kwa mkanda wa plastiki unaochanika wiki ya pili, bali kwa matawi na miche iliyopandwa katikati ya njia yenyewe, na bango linalosema kwa Kiswahili na Kiingereza kwa nini imefungwa na itafunguliwa lini. Hilo la lini ni muhimu. Mwananchi akiona bango lisilo na tarehe anakumbuka mambo ya 1998 na anajiuliza ni nani anajengewa. Mkifungua sehemu hiyo, fungeni nyingine. Wakati wa masika, kati ya Machi na Mei, vijia vya mteremko vifungwe vyote, na tutembee kwenye barabara pana zenye changarawe. Tutanung'unika. Acheni tunung'unike.

Pili, sherehe. Nimeona mabango ya mbio za hisani, siku za makampuni, harusi, muziki. Mbio za hisani sina neno nazo, zikiwa chache na zikibaki kwenye barabara pana. Lakini spika za muziki ndani ya msitu sijawahi kuzielewa. Nairobi haina upungufu wa mahali pa kupiga muziki. Matatu zenyewe ni disko. Mahali tulipokosa ni pale ambapo husikii kitu, na hapo ndipo mtu analeta jenereta. Wekeni kiwango cha watu na cha sauti, na kiwango hicho kisinunulike. Nikisema kisinunulike namaanisha kwamba mwenye pesa nyingi akija, aambiwe hapana kwa sauti ileile ambayo chama cha wamama wa kijiji cha Githogoro kimeambiwa nayo.

Nikigusa pesa, hapa patakuwa na joto kidogo, mnivumilie.

Mwaka 2025 agizo la kwamba ada ya lango ilipwe kupitia eCitizen, mfumo wa serikali wa malipo ya mtandaoni, lilileta mvutano uliofika hadi mahakamani. Kesi si yangu na mimi si wakili. Naona tu kwamba kila upande ulikuwa na hoja. Serikali inasema pesa ya umma ipite kwenye mfuko wa umma, na hakuna mtu mzima anayeweza kulipinga hilo mchana kweupe. Chama cha jamii kinasema pesa ikienda mbali na msitu, kurudi kwake ni kwa kubahatisha, na anayelipwa mwisho wa mwezi kwa kulinda uzio hawezi kungoja bajeti ya ziada. Mimi niliyekaa Huruma nilisikiliza pande zote mbili, nikagundua kwamba hakuna aliyekuwa akizungumza na mimi ninayelipa. Nilitaka kujua jambo moja tu: pesa yangu inafanya nini ikishapita langoni?

Jibu lake si gumu. Pale langoni, karibu na bango la ada, wekeni ubao. Ubao wa kawaida wa chaki unatosha, kama ule wa shule ya msingi. Kila mwezi uandikwe: wameingia watu wangapi, zimepatikana shilingi ngapi, ngapi zimekwenda kwa mishahara ya askari, ngapi kwa uzio, ngapi kwa miche, ngapi zimepelekwa makao makuu na zimerudi ngapi. Nikiona kwamba kijia kilichofungwa kimepandwa muhugu 200 kwa pesa yangu, siku nitakayomwona mtu akikikanyaga nitamfokea mwenyewe, hamtahitaji askari. Sheria yenu ya misitu ya 2016 ina maneno mazuri sana kuhusu ushirikishwaji wa umma. Kwangu mimi ushirikishwaji ni ubao ule. Mikutano ya hoteli yenye chai na maandazi tumeshaiona.

Na ada yenyewe isipande bila kuwatazama watu wa karibu. Shilingi mia kwa mtu wa Muthaiga ni kitu anachokisahau kwenye gari. Kwa kijana wa Huruma anayesubiri kibarua, mia ni unga. Msitu uliolindwa na vijana wa vijiji hivi hauwezi kuwa mahali ambapo wadogo zao wanachungulia kupitia nyaya za uzio. Siku moja kwa mwezi shule za jirani ziingie bure, na waalimu wapewe mtu wa kuwaonyesha watoto miti kwa majina yake: mukinduri, muthiga, muhugu. Mtoto anayejua jina la mti huwa mgumu kuukata. Hilo nimeliona kwa mwanangu mwenyewe, ambaye sasa ananikosoa mimi.

Sasa nimefika kwa lile la pili.

Waheshimiwa, mtanizuiaje mimi nisikanyage mche, ikiwa siku hiyohiyo nasoma gazetini kwamba ukingo wa msitu unapimwa kwa ajili ya barabara? Habari za upanuzi wa Barabara ya Kiambu tumezisikia. Barabara ile inahitajika, mimi mwenyewe nimelala ndani ya matatu pale nikingoja foleni isogee. Lakini tunajua barabara inavyokula msitu: haimezi mara moja, inamega. Tazameni Msitu wa Ngong Road, jinsi barabara kuu ya Southern Bypass ilivyopita ndani yake. Mbega hashuki chini akavuka lami kama ng'ombe. Kwake pengo kati ya matawi ni mwisho wa dunia. Na baada ya barabara huja kituo cha mafuta, baada ya kituo cha mafuta huja mkahawa, na mkahawa unaitwa wa kimazingira kwa sababu paa lake ni la makuti.

Hapo kwenye mkahawa nikae kidogo. Burudani ina tabia ya kujitafsiri upya ikiwa haikuwekewa mpaka. Tulianza na kutembea. Kutembea kukahitaji choo, sawa. Choo kikahitaji maji, sawa. Anayetembea akasikia njaa, kikaja kibanda cha chai, na chai ile nimeinywa na nimeifurahia. Baada ya kibanda huja mtu mwenye tai na michoro ya nyumba za kulala wageni 20 kando ya mto, na anazungumza lugha ileile tuliyozungumza sisi: burudani, utalii, mapato ya uhifadhi. Tofauti ni kwamba mimi nikimaliza kutembea narudi Huruma, na nyasi zikipewa mwaka mmoja zinarudi pia. Saruji hairudi. Kwa hiyo mpaka wangu ni huu, na naomba uandikwe kwenye mpango wenu wa usimamizi bila mianya: kitu chochote cha burudani kisichoweza kuondolewa kwa siku moja na watu wanne wasiingie msituni. Vilivyopo vibaki vilivyo, visiongezewe hata matofali. Mwenye kutaka kulala afikie Runda, hoteli zimejaa huko, asubuhi aingie kwa miguu kama sisi.

Kifungu cha 34 cha sheria ya 2016 kinasema anayetaka kubadilisha mipaka ya msitu wa umma apeleke ombi bungeni. Nakipenda kifungu hicho kwa sababu kinamlazimisha mtu kusimama mbele ya watu na kusema anataka nini. Mswada wa marekebisho wa mwaka 2021 ulijaribu kukilegeza, na Wakenya wakapiga kelele. Tatizo ni kwamba siku hizi hakuna haja ya kugusa mipaka. Inatosha kutoa leseni. Msitu unabaki hekta zilezile kwenye karatasi, na ndani yake mna kitu chenye geti lake na mlinzi wake. Ndiyo maana naomba leseni yoyote ya matumizi ndani ya Karura ibandikwe langoni kabla haijatiwa sahihi, sio baada. Ule ubao wa chaki una nafasi.

Kuna jambo la kuni nimelichelewesha kwa sababu najua wapenda mazingira wengine hawapendi kulisikia. Mama yangu sasa ni bibi wa miaka 79 na bado anapenda kupika githeri kwenye moto wa mafiga matatu. Gesi anasema inapika haraka kabla chakula hakijaelewa. Sheria inaruhusu chama cha jamii kupewa haki ya kuokota kuni. Karura ina mikalitusi mingi iliyopandwa zamani kwa ajili ya kuni za reli, na mpango mzuri uliopo ni kuitoa polepole na kurudisha miti ya asili. Inapokatwa, magogo yanakwenda kwa wanunuzi. Matawi yaende kwa wanawake wa Huruma na Githogoro, kwa siku zilizopangwa, kwa orodha inayojulikana, na kila anayebeba mzigo apande na kumwagilia idadi fulani ya miche ya asili mahali palipofungwa. Hilo ndilo jembe la siku ya tatu. Na wakimbiaji pia wapewe lao: anayelipia kadi ya mwaka mzima alipe pamoja na asubuhi mbili za kupanda. Wengi watakubali. Watu wa mjini wanatafuta sababu ya kushika udongo, nimewaona wakipiga picha na jembe.

Wapo watakaosema nimeandika kama mtu anayetaka kila kitu: watu waingie na wasiingie, pesa ikusanywe na isitawale, kuni ziokotwe na miti iachwe. Ndivyo ilivyo. Nyumbani kwangu kuna chumba kimoja kinacholaliwa na watu wanne na tunapikia humohumo. Tunaweza kwa sababu kila kitu kina saa yake, na kwa sababu mwenye nyumba ambaye ni mimi halali kitandani huku nikiwaambia wengine walale chini.

Jibu la barua hii msinitumie mimi, sina sanduku la posta. Libandikeni langoni. Na kile kijia cha mkato tulichokichora sisi wanne, mkikubali, Jumamosi ya kwanza ya mvua tutakuja na majembe yetu kukifunga. Askari wa zamu watuonyeshe tu ni miche gani tupande, na atakayetuona pale asituulize nani alikifungua.

Wenu,
Mama wa Huruma, pembezoni mwa Karura